USO WA MFANYA KAZI SI RANGI YA UKUTA

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili la Chama nieleze jambo ambalo wengi watalidharau mwanzoni, wakisema ni jambo la picha tu. Mimi nami nililidharau. Sasa silidharau tena, na nitawaambia sababu yake.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka 2025 nilikuwa nyumbani kwangu hapa Moi's Bridge nikipalilia mboga. Akaja mama mmoja jirani yangu pamoja na binti yake, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kuingia chuo kikuu. Nilidhani wamekuja kunipa habari njema, nami nikafuta mikono ili niwape pongezi. Lakini nyuso zao hazikuwa za furaha. Mama akaniambia, "Mzee, tumekuja kwako kwa sababu wewe ndiwe uliyetuambia."

Nikamwuliza, "Mimi nimewaambia nini, mama?"

Binti akatoa simu yake akanionyesha. Kweli nilikuwa mimi. Nimevaa tai nyekundu, nimesimama nyuma ya dirisha la ofisi, natabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nasema kwa sauti kubwa: "Karibu sana. Lete karatasi zako katika dirisha hili, nasi tutakumalizia shughuli zako zote siku ile ile." Halafu muziki unapigwa, na picha ya lango la chuo inaonekana kutoka juu angani, kama aionavyo ndege.

Binti yule aliyaamini maneno yale. Mama yake aliuza gunia la mwisho la mahindi aliyoyaweka, akampa nauli ya kwenda na kurudi siku moja, maana mimi nilisema ni siku moja. Binti akafika, akalitafuta dirisha, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na makaratasi ya zamani yamebandikwa juu yake. Akaambiwa shughuli zile zimehamishwa jengo jingine, na ya kwamba kwanza ajaze fomu katika kompyuta, kisha arudi kesho. Nauli ya kesho hakuwa nayo. Alilala kitini katika kituo cha magari, msichana wa miaka kumi na minane peke yake, na asubuhi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndugu zangu, mimi niliondoka katika ofisi ile mwaka 2024, mkataba wangu ulipokwisha bila kutiwa sahihi tena. Picha ile ilipigwa mwaka 2022. Mimi sipo, dirisha halipo, na tai ile haikuwa yangu tangu mwanzo. Lakini uso wangu bado uko kazini, usiku na mchana, bila mshahara, ukiwaambia watoto wa watu maneno yasiyo ya kweli. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sitataja jina la chuo. Shabaha yangu si kukisema vibaya chuo kimoja, maana najua wenzetu wengi wa vyuo, shule na hospitali watasoma habari hii na kusema, "Hata kwetu ndivyo ilivyo."

Nieleze sasa jinsi picha ile ilivyopigwa, maana mambo yote yalianzia pale.

Tuliambiwa jana yake tuje tumevaa vizuri. Asubuhi wakaja mafundi wa picha, vijana wawili wapole wenye kamera na taa na vipaza sauti vidogo vya kubana kifuani. Vijana wale sina neno nao. Wao nao walikuwa vibarua wa kulipwa kwa siku, na mmoja aliniambia kwamba hajalipwa kazi aliyofanya mwezi uliopita mahali pengine. Lakini amri hazikutoka kwao. Zilitoka kwa wakubwa.

Kwanza, foleni ya wanafunzi iliyokuwa mbele ya dirisha iliondolewa ikapelekwa nyuma ya jengo, ili ofisi ionekane haina msongamano. Wanafunzi wale walingoja juani saa tatu. Pili, akina mama wanaofagia waliambiwa wasionekane, kwa sababu makoti yao ya kazi yamechanika. Hakuna aliyesema wapewe makoti mapya. Tatu, askari wa lango alivikwa kofia mpya, na picha ilipokwisha kofia ikachukuliwa. Nne, mimi nikapewa karatasi yenye maneno ya kusema. Niliuliza, "Kweli tunamaliza siku moja?" Nikajibiwa, "Wewe sema tu." Nikasema mara tatu, mpaka ikatoka vizuri. Tukapewa chai na mkate. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali picha yangu itumiwe. Hakuna aliyeniambia itatumiwa wapi na kwa muda gani. Hakuna karatasi niliyotia sahihi.

Nami nitasema ukweli wangu pia, ili msidhani najifanya malaika. Nilifurahi. Nilipiga simu nyumbani kuwaambia nitaonekana katika sinema. Mtu ambaye miaka mingi ameitwa "wewe wa dirishani" akiambiwa siku moja kwamba uso wake unafaa kuonyeshwa nchi nzima, atafurahi. Furaha ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Niliyajua maneno yale kuwa ya uongo, nikayasema.

Sasa mtu atauliza, kwa nini ofisi za vyuo vikuu zinakimbilia picha hizi siku hizi? Zamani hazikuwako. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, kilianza na wanafunzi 83 wa elimu ya misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna aliyehitaji kuwabembeleza kwa muziki. Nafasi zilikuwa chache na wenye kuzitaka walikuwa wengi. Chuo kilikuwa kama kisima kimoja katika nchi kavu, na kisima hakipigi kelele kuwaita watu.

Lakini mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Fedha za wanafunzi hao zikawa tegemeo, majengo yakajengwa na matawi yakafunguliwa katika miji mingi. Kisha mwaka 2016 udanganyifu katika mtihani wa kidato cha nne ulibanwa, na watahiniwa waliopata alama ya C+ na kuendelea wakawa 88,929 tu. Karibu wote wakapata nafasi za serikali, na wale wa kujilipia wakapungua sana. Mwaka 2023 serikali ikaleta mpango mpya: badala ya kukipa chuo fungu moja kwa jumla, fedha zikamfuata mwanafunzi kwa msaada na mkopo, kwa kadiri ya hali ya nyumba yao. Mpango huo umepelekwa mahakamani. Mahakama Kuu iliukataa tarehe 20 Desemba 2024, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo. Lakini jambo moja liko wazi kwa kila mkubwa wa chuo: mwanafunzi asipokuja, fedha haziji.

Basi mwanafunzi amekuwa mteja, na ofisi imekuwa duka. Duka lazima lipake rangi mlangoni. Ndiyo maana picha hizi zimekuwa nyingi, na ndiyo maana nyuso zetu zinatafutwa.

Tena jambo hili si jipya kabisa katika nchi zetu. Miaka ya 1935 mpaka 1937 kulikuwa na kazi ya kutengeneza sinema kwa Waafrika kule Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Aliyesimamia utengenezaji alikuwa Meja Notcutt, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 hivi, wakazitembeza kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Sauti iliwekwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyinginezo.

Filamu mojawapo ya kwanza ilikuwa ya kuitangaza ofisi: Benki ya Akiba ya Posta. Ilionyesha mtu aliyefukia mshahara wake ndani ya nyumba na kuibiwa, na mwenzake aliyeuweka posta akabaki salama. Nazitaja habari hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba filamu ile, pamoja na makosa ya ukoloni yaliyokuwamo katika kazi nzima, ilijua jambo moja ambalo wakubwa wetu wa leo hawalijui. Ilianza na shida ya mtu wa kawaida, yaani fedha zangu nitaziweka wapi, halafu ndipo ikaonyesha ofisi. Haikuanza na lango lililopigwa picha kutoka angani. Ya pili ni kwamba jina la Meja limeandikwa vitabuni, na yeye mwenyewe aliandika kitabu, lakini Waafrika walioigiza mbele ya kamera ile ni watu wangapi leo wanaojua majina yao? Nyuso zilitumika, majina yakapotea.

Hapa kwetu tunalijua jambo hilo. Mji huu zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Baadaye ukapewa jina la Moi. Mabwana wawili wamepita katika ramani. Lakini waliobeba magogo ya daraja lile la kwanza begani hawamo katika ramani yo yote. Mfanya kazi hutumika, kisha husahauliwa. Siku hizi kuna ajabu mpya: mfanya kazi anaweza kufukuzwa, na uso wake ukabaki unatumika.

Wengine wataniambia, "Mzee, hayo ni malalamiko tu, hakuna sheria." Sheria iko. Nataka kila mwanachama aijue, maana haki usiyoijua ni kama fedha iliyofukiwa na mtu mwingine.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Katika kifungu cha 41 inampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawasawa kazini. Kisha iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo haihusu kompyuta na namba peke yake. Habari yo yote inayomhusu mtu anayeweza kutambulikana imo ndani yake, na uso wako na sauti yako vimo. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila ya yeye kukubali waziwazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Kifungu cha 32 kinasema kwamba mwenye kuzitumia ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa ulikubali, si wewe kuthibitisha kuwa ulikataa. Kifungu hicho hicho kinasema unaweza kubadili nia yako na kuondoa kibali chako wakati wo wote. Tena kinataka itazamwe kama kukubali kwako kulikuwa kwa hiari kweli, au kulifungwa pamoja na mkataba.

Mtilie maanani neno hilo, ndugu zangu. Mkubwa anayekushikia mkataba wako wa miezi mitatu akisimama mbele yako na kamera akisema, "Huna neno, sivyo?" wewe utajibu nini? Utajibu, "Sina neno, mheshimiwa." Jibu la namna hiyo ni la woga. Halipaswi kuhesabiwa kuwa kibali.

Na sheria hii si ya kupamba rafu. Mwezi wa tisa mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutoa picha ya mteja bila idhini yake. Kama mtu aliyekwenda kustarehe jioni moja ana haki juu ya picha yake, itakuwaje mfagiaji aliyefanya kazi mahali pamoja miaka kumi asiwe na haki hiyo?

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana si vizuri kusema kana kwamba wao hawana neno la kusema.

Hoja ya kwanza husema, "Kuitangaza ofisi ni sehemu ya kazi yako." Mimi nasema kazi ya karani imeandikwa katika barua yake ya kuajiriwa. Kupokea karatasi, kuandika vitabu, kujibu maswali. Sijaona barua iliyosema: na uso wako utakuwa mali ya ofisi hata baada ya wewe kuondoka. Kama wanataka iwe hivyo, waiandike, na Chama kiisome kabla ya mtu kutia sahihi.

Hoja ya pili husema, "Mkizuia picha, wanafunzi hawatakuja, na wasipokuja hata mishahara yenu haitakuwako." Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Ni kweli kwamba tunakula kwa sababu ya wanafunzi. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutaka ukweli. Binti yule wa jirani yangu aliporudi, habari zake zilifika sokoni kabla ya saa sita. Ilipofika jioni zilikuwa zimefika kwenye maghala ya nafaka na kwenye kituo cha matatu. Wazazi wangapi walisikia? Picha moja ya uongo ilimleta mwanafunzi mmoja, na mdomo wa mama mmoja ukawafukuza kumi. Hesabu hiyo mkubwa wa biashara anaweza kuifanya bila kompyuta.

Tena, wanafunzi wana macho. Mwaka 2025 wafanya kazi wa vyuo vikuu vya umma walikuwa katika mgomo kwa siku 49, toka tarehe 17 Septemba mpaka tarehe 5 Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya miaka ya 2017 mpaka 2021. Wakati huo picha za kutangaza zilikuwa zikiendelea kuonyeshwa katika simu za watu, kila karani akitabasamu. Mimi sisemi picha ya kutangaza ofisi ionyeshe ugomvi wa mishahara. Kila nyumba ina mambo yake ya ndani. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuchukua tabasamu la mfanya kazi kwa bure huku amezuia haki yake kwa miaka minane.

Hoja ya tatu husemwa na wenzetu wenyewe: "Chama kina mambo makubwa ya kushughulikia, mbona tupoteze muda na picha?" Ndugu, mambo makubwa huingia nyumbani kwa mlango mdogo. Leo wanachukua uso bila kuuliza. Kesho watachukua sauti. Mashine zipo tayari zinazoweza kuchukua sauti ya mtu na kuifanya iseme maneno ambayo hakuyasema kamwe. Tukinyamaza juu ya hili la kwanza, hilo la pili litatukuta tumelala.

Wala simtaki mtu ye yote adhani kwamba mimi napinga picha. Nimekaa dirishani miaka mingi nikaona shida inayoletwa na kukosa habari. Nimeona mzazi ametoka mbali sana na karatasi zote ila moja, akarudi kwa ajili ya hiyo moja. Picha fupi ya kweli ingalimwokoa. Kwa hiyo nitasema pia picha njema ingekuwaje, kwa maoni ya mtu aliyeketi upande wa ndani.

Kabla ya kuandika maneno ya kusemwa, wamwulize askari wa lango. Yeye ndiye anayejua swali la kwanza la kila mgeni. Mkubwa wa ofisi anajua barua zinazofika mezani kwake, lakini askari anajua watu wanapotea wapi. Wamwulize mama anayefagia. Yeye anajua wanafunzi wanalia katika ngazi gani na mwezi gani. Wamwulize tarishi. Yeye anajua karatasi zinakwama katika meza ipi. Watu watatu hao wakiulizwa kwa nusu saa, maneno ya picha yamekwisha kuandikwa.

Halafu picha iwe fupi, dakika mbili zatosha, maana mtu wa kijijini analipa fedha kwa kila anachokitazama katika simu. Iseme jambo moja baada ya jingine: lete karatasi hizi, nenda jengo hili, ofisi hufunguliwa saa fulani, ukikwama piga namba hii. Sauti isikike vizuri. Afadhali picha ya kawaida yenye sauti safi kuliko picha nzuri ambayo maneno yake yamezamishwa na muziki. Iwe kwa Kiswahili pia, ili mzazi naye aelewe, maana mwenye kulipa ni yeye. Iwe na maandishi chini na lugha ya ishara kwa wasiosikia. Foleni iachwe ionekane. Mtu akijua mapema kwamba kuna foleni atakuja asubuhi na chakula chake, na hatakasirika. Anayekasirika ni yule aliyeambiwa hakuna foleni.

Na zaidi ya yote, iandikwe tarehe juu yake, na iondolewe mambo yanapobadilika. Mkate una siku yake ya mwisho ya kuliwa. Tangazo la ofisi nalo lingekuwa nayo, binti yule asingalilala kituoni.

Kabla sijamaliza, nataka tujitazame na sisi wenyewe. Katika mapatano yote niliyoyasoma ya matawi yetu, sijaona mstari hata mmoja juu ya picha za wafanya kazi. Tumezungumza juu ya nyumba, likizo, matibabu na kiinua mgongo, lakini uso tumeuacha nje kama mbwa asiye na mwenyewe. Tena, sisi wa Chama tunapiga picha katika mikutano na maandamano yetu na kuzisambaza, na hatuwaulizi wanachama. Yuko kibarua mmoja ninayemfahamu ambaye picha yake ya maandamano ilimfikia msimamizi wake kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani, na wiki iliyofuata hakuitwa kazini. Hatukumwuliza kama anataka kuonekana. Tukitaka wakubwa wanawe mikono, na sisi tunawe yetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya yazungumzwe katika mkutano wa tawi, na yakikubaliwa yapelekwe kwa Katibu ili yaingizwe katika madai ya mapatano yajayo:

1. Hakuna mfanya kazi, awe wa kudumu, wa mkataba au kibarua, atakayepigwa picha ya kutangaza ofisi bila kukubali kwa maandishi. Karatasi hiyo iandikwe kwa lugha anayoielewa, naye apewe nakala yake.

2. Mfanya kazi anayekataa asiulizwe sababu, wala kukataa kwake kusitiwe katika faili lake.

3. Kibali kiwe na muda. Mtu akiondoka kazini, picha yake iondolewe katika matangazo ndani ya siku thelathini, ila kama mwenyewe amekubali ibaki.

4. Mfanya kazi asipewe maneno ya kusema ambayo anajua si ya kweli. Akiyakataa asihesabiwe kuwa mkaidi.

5. Muda wa kupigwa picha nje ya kazi ya kawaida uhesabiwe kuwa ni kazi na ulipwe. Mafundi wa picha nao walipwe kwa wakati, maana nao ni wafanya kazi.

6. Hakuna mtu atakayefichwa kwa sababu ya nguo ya kazi iliyochanika. Kama nguo haifai kuonekana katika picha, basi haifai kuvaliwa, na mwajiri anunue nyingine.

7. Chama chenyewe kifuate masharti haya haya katika picha zake.

Mtasema madai saba ni mengi. Lakini yatazameni moja moja mwone ni lipi lenye gharama kubwa. Karatasi, kalamu, koti la kazi, na kusema kweli. Hakuna hazina itakayofilisika.

Mtapenda kujua mambo ya binti yule yaliishia wapi. Jumatatu iliyofuata nilivaa koti langu tukapanda matatu pamoja, nauli juu yangu. Nilikuwa bado nawafahamu watu wawili watatu katika ofisi ile, wakatuonyesha jengo jipya, na ilipofika saa tisa alikuwa ameandikishwa. Wakati wa kurudi aliniambia, "Asante, Mzee. Sasa umetimiza ulilosema." Aliyasema kwa wema, lakini yalinichoma. Maana wako wengine walioniona katika simu zao, kutoka Kitale na Kakamega na Kapsabet, ambao sikuwalipia nauli wala sitawajua.

Nimeiandikia ofisi ile barua kwa mkono wangu, nikaomba picha yangu iondolewe. Nimeeleza kwamba kama niliwahi kukubali kwa kunyamaza, sasa sikubali kwa kusema. Hadi ninapoandika maneno haya jibu sijapata, na picha ingalipo. Sheria inaniruhusu kupeleka malalamiko kwa Kamishna, na inamtaka ayamalize ndani ya siku tisini. Nitayapeleka. Sitafuti fedha za mtu. Nataka uso wangu urudi nyumbani, upumzike, kama mimi mwenyewe nilivyorudi.

Lakini barua ya mtu mmoja ni kama ukuni mmoja, huvunjwa kwa goti. Ninyi mlio kazini leo, mkiona kamera inaingia mlangoni kesho, msiikimbie wala msiikimbilie. Ulizeni maswali manne: picha hii ni ya nini, itaonyeshwa wapi, itakaa muda gani, na maneno haya ni kweli? Mkiuliza wote pamoja, mtajibiwa.

Wenu katika Chama,

Karani wa zamani,
Moi's Bridge